Matope kwenye Bote za Paulin

Emérence alizitambua bote zile, viatu virefu vya mpira, kwa kiraka. Kilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimekatwa umbo la yai na kubandikwa juu ya kifundo cha mguu wa kushoto kwa gundi nyingi kupita kiasi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekibandika. Paulin alimcheka siku ile, akasema sasa bote itaoza na kiraka kitabaki kikitembea peke yake.

Zilikuwa zimewekwa juu ya turubai katika soko la Butembo, kati ya sufuria isiyo na mkono na redio isiyo na kifuniko. Ilikuwa Februari, mwaka wa elfu mbili na moja. Emérence alichuchumaa. Hakuzigusa kwanza.

"Hizi bote zilitoka wapi?"

"Juu," alisema mwuzaji, mwanamke mnene aliyekuwa akimenya karanga.

"Juu wapi?"

"Kule Kipese. Mutu mumoja alikuwa nashuka na poro, njo akaziachia hapa. Unataka bote, mama, ao unataka historia yake?"

"Huyo mutu alikuwa namna gani?"

"Alikuwa mutu. Miguu mbili."

Emérence alifungua kitenge alichojifunga kichwani, kipya bado, akampa mwanamke yule, akaondoka na bote kifuani kichwa kikiwa wazi. Mwuzaji alimwita mara mbili amwambie kwamba kitenge kinazidi thamani ya bote. Hakugeuka.

Mume wake alikuwa ametoka nyumbani Julai ya mwaka uliotangulia. Kazi ya Paulin ilikuwa kununua poro, vile vitunguu vya majani marefu, na karoti kule Kipese, kwenye baridi, kuzifunga juu ya baiskeli na kuziteremsha mpaka Beni, na mara nyingine mpaka Mbau, ambako watu wa joto hawalimi mboga hizo. Safari ile walikwenda watatu. Alirudi mmoja, Siméon, bila baiskeli. Alisema kwamba karibu na Mbau risasi zililia msituni, kila mtu akakimbia upande wake, na tangu hapo hakumwona Paulin tena. Wa tatu alipatikana baadaye, amekufa. Paulin hakupatikana, si mzima, si maiti.

Miezi saba ilikuwa imepita. Baba mdogo wake Paulin, mzee Malachie, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa ameteremka kutoka Kipese mara tatu kuzungumza jambo lile lile, na Jumamosi angekuja tena. Katika ukoo wao, mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba lenye urefu wake, likafungwa katika nguo yake na kuzikwa mahali pake. Watu hunyoa nywele, hulia mara ya mwisho, mambo yakaisha. Lakini shina halikatwi mpaka mke aseme likatwe. Mke asiposema, marehemu hayuko mbinguni wala duniani, na hata shamba lake haligusiki.

Emérence alikuwa hajasema. Angezikaje mtu ambaye labda yuko njiani? Na sasa mwuzaji wa soko amesema: Kipese. Mtu aliyeshuka na poro. Kama bote zilitoka Mbau, Paulin alibaki Mbau. Kama zilitoka juu, basi Paulin alikuwa ametoka hai msituni akapanda milima tena, na yuko mahali fulani, mgonjwa au amefungwa au ana aibu ya kupoteza mali, lakini yuko.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alizitazama nyayo za zile bote. Mitaro ya mpira ilikuwa imejaa matope makavu. Akakumbuka alipojifunza kusoma matope, naye hakwenda nyumbani tena, alikwenda kwa Madame Kapinga.

Madame Kapinga alikuwa Mkasai. Serikali ilimtuma Butembo kufundisha biolojia kwa miaka miwili, na hiyo ilikuwa miaka kumi na tatu iliyopita. Vita vilipofunga barabara, masista walimpa chumba nyuma ya maabara ya sekondari yao, akabaki humo na vitabu vyake na sauti yake kubwa. Emérence alikuwa mwanafunzi wake, na baada ya diploma alibaki mwaka mmoja akiosha vioo vya maabara, kabla ya Paulin kuja na baiskeli yake.

Kitu ambacho Madame alikipenda hakikuwa katika programu ya serikali. Alipenda amiba wenye gamba. Amiba wa kawaida ni kama ute wa yai unaotembea. Hawa nao ni ute, ila kila mmoja amejijengea nyumba yenye mlango mmoja, na anaishi ndani akitoa vidole laini mlangoni kutafuta chakula. Ni wadogo mno: hamsini wangepanga mstari juu ya punje moja ya mchele na nafasi ingebaki. Wako katika matope ya mto, katika kuvumwani, ule ukoga laini wa kijani wa juu ya mawe, chini ya kahawa, hata katika mfereji wa paa la kanisa. Akifa mwenyewe, nyumba haiozi upesi. Madame alikuwa na daftari nene la michoro ya aina sitini na moja, zote kutoka sehemu hizi, kila moja na mahali alipoiokota na tarehe. Majina yake ya Kilatini wanafunzi hawakuyaweza, wakayapa ya kwao. Kulikuwa na Mkate, wa kahawia, mviringo, na tundu katikati. Kulikuwa na Magamba, aliyejitengenezea vigae vya kioo na kuvipanga kama samaki. Chungu aliokota chembe za mchanga, moja moja, akazigandisha kwa ute wake mpaka zikawa chungu kweli. Na Chupa, wa kuvumwani la milimani, aliwala wenzake wadogo kisha akachukua vigae vya nyumba zao akajengea ya kwake.

"Huyu," Madame alikuwa akisema kila mwaka, kijiti chake kikiwa juu ya mchoro wa Chupa, "huyu hapana mwalimu. Huyu ni mwanajeshi." Na darasa lilicheka kimya, macho yakienda dirishani.

Alimkuta akichambua maharage uani. Madame aliziangalia bote, akamwangalia mwanafunzi wake aliyekuwa kichwa wazi, akaelewa nusu.

"Ni zake?"

"Ni zake, Madame."

"Na unataka nini kwangu, ma fille? Miye siko mufumu wa kupiga ramli."

"Nataka kujua zilitembea wapi mwisho. Kila mahali kuko na batu yake badogo, njo vile ulitufundisha. Kipese iko na Chupa. Chini hakuna Chupa."

Madame aliacha maharage.

"Hilo sijafanyaka," alisema. "Wala sijue mutu alilifanyaka." Akainuka, magoti yakalia. "Donc tujaribu."

Mikroskopi ilikuwa ndani ya gunia la maharage, katika stoo ya masista, tangu siku askari walipopita wakitafuta vitu vya kubeba. Waliitoa, wakapuliza vumbi. Haikuwa ya umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini kinachopokea mwanga wa dirisha na kuurusha juu, kwa hiyo ilifanya kazi jua likitoka tu, na Butembo asubuhi ile ilikuwa na ukungu mzito. Wakangoja. Emérence aligeuza bote moja juu ya sahani akaigonga kisigino. Kikaanguka kibonge kidogo cha kitu kikavu, cha kijani kilichofifia.

"Kuvumwani," alisema Madame.

Walilitia katika maji, wakalikamua, wakaacha maji yatulie, wakachukua tone la chini kabisa. Ilipokaribia saa tano ukungu ulifunguka. Madame alitazama kwanza, akizungusha kirungu polepole, midomo ikihesabu. Kisha akampisha Emérence.

Ilikuwa miaka saba tangu aweke jicho pale. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Halafu mwanga ukatulia, na ndani ya mwanga, kati ya vipande vya majani yenye vyumba vyumba kama mzinga, ikatokea Chupa. Shingo nyembamba, tumbo pana, ngozi yote ya viraka vya mviringo. Akasogeza kioo. Nyingine. Na nyingine, imelala ubavu. Hazikuwa na mtu ndani, zilikuwa tupu na safi kama zimeoshwa.

"Kipese," alisema.

"Kipese," alikubali Madame, akifungua daftari. "Ama karibu yake. Aina nne, zote za kuvumwani ya juu. Chungu hakuna hata moja."

Siku ile Emérence alimpikia binti yao Jemima samaki, kitu ambacho hakikuonekana nyumbani tangu Julai, na alimtumia mzee Malachie ujumbe kwa dereva: asije Jumamosi, kuvumwani la ndani ya bote linaonyesha Paulin alikwenda juu.

Mzee alikuja Jumatano. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni, kofia gotini, akasikiliza habari yote: soko, mwuzaji, kuvumwani, nyumba za amiba. Hakumkatiza. Alipomaliza, mzee aliinama, akaivua bote yake mwenyewe, polepole kwa sababu ya mgongo, akaigeuza. Kibonge cha kijani kikavu kikaanguka sakafuni.

"Mama Jemima," alisema, "huku kwetu bote bila hii, vidole binakufa na baridi. Tunaikausha juu ya moto, tunatia. Baba yangu alitiaka, miye natia, Paulin nilimufundisha akiwa namna hii." Akaonyesha kimo cha meza. "Angekuwa amefika ata Kisangani, ile ingekuwa mu bote yake."

Emérence alitazama kile kibonge. Kwa miaka sita alikuwa amekifagia kila wiki pale pale mlangoni, ambapo Paulin aliketi kuvua bote, na kila wiki alilalamika kuhusu takataka za Kipese. Yeye alizaliwa Mulekera, kule Beni, ambako watu hutembea na ndala. Lakini alijua. Alikuwa anajua siku zote, na siku ile mbele ya sahani ya Madame hakukumbuka.

"Nilisahau, baba," alisema.

"Haukusahau. Ulitaka." Mzee alikuwa akirudisha kuvumwani ndani ya bote yake. "Ata miye, ulivyotuma ile habari, nilitoka njiani kuangalia. Siku mbili niliangalia barabara. Halafu nikavaa bote, nikaelewa." Akavuta pumzi. "Tukate Jumamosi ingine?"

"Nipe wiki mbili."

"Juu ya nini?"

"Ile ilikuwa ya ndani, baba. Sijaangalia ya chini."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Bitu byenu bya kioo," alisema. Lakini alimpa wiki mbili.

Madame aliposikia habari ya kuvumwani alijipiga paji la uso. "Miaka kumi na tatu naishi na batu ya hapa, hapana mutu mumoja aliniambiaka anavaa mulima mu kiatu." Akaandika jambo hilo katika daftari, chini ya Chupa, na tarehe.

Safari hii walifanya kwa utaratibu. Emérence alikwangua matope ya mitaro kwa sindano, ya juu juu peke yake, ya katikati peke yake, ya ndani kabisa peke yake, akayatia katika chupa tatu ndogo za penisilini. Ya ndani yalikuwa ya zamani, meusi, na yalikuwa na mchanganyiko wa kila kitu: Mkate, Magamba, vipande vya Chupa vilivyovunjika. Ya katikati vivyo hivyo. Ya juu, matope ya mwisho, yalikuwa ya kijivu, na humo hapakuwa na Chupa. Humo kulikuwa na Chungu. Chungu tu, wengi, na kila mmoja alikuwa na jambo ambalo Emérence hakuwahi kuliona: nyumba yake ilijengwa kwa chembe nyeupe zinazopitisha mwanga kama sukari, lakini kuzunguka mlango zilipangwa chembe ndogo nyeusi, sita au saba, kama mtu aliyepaka wanja.

"Anachagua," alinong'ona. "Madame, anachagua. Nyeupe ya ukuta, nyeusi ya mulango."

"Wacha nione." Madame alitazama muda mrefu. "Ndiyo. Nani alimwambia? Hana macho, hana bongo, hana mama." Alikuwa na furaha, kisha akakumbuka ni matope ya nani. Alipekua daftari nyuma, nyuma zaidi. Mwaka wa tisini na tano, kabla ya vita, alikuwa amewachukua wanafunzi kwa lori mpaka Beni na mbele yake, wakaokota matope ya vijito. Kulikuwa na mchoro wa Chungu mwenye mlango mweusi. Chini yake maji yalikuwa yameingia daftarini na wino ulikuwa umeenea. Tarehe ilisomeka. Mahali hapakusomeka.

"Mulekera ao Mbau," alisema Madame. "Tulisimama mara mbili tu."

Tofauti ile ilikuwa yote. Mulekera palikuwa kwao Emérence. Paulin alipita pale kila safari, akilala kwa wakwe, akivuka kijito cha nyuma ya nyumba. Matope ya Mulekera yasingesema neno, kwa sababu mtu anaweza kuyakanyaga akienda na akirudi. Mbau ni mbele yake. Mtu aliyekanyaga Mbau mwisho, asikanyage tena Mulekera wala barabara ya Butembo, hakurudi na hizo bote miguuni.

"Nitaenda kumuona mama," alisema Emérence.

Madame alielewa anakwenda wapi. Alimpa chupa sita tupu na kipande cha sabuni, akamwambia aandike kila chupa pale pale, asijiamini kukumbuka.

Alifika Beni juu ya lori la chupa tupu za bia. Mama yake alimshika mikono, akazitazama nywele zake zisizosukwa. Kesho yake asubuhi Emérence aliteremka kijitoni, nyuma ya tanuri la matofali, akachota matope ya ukingoni chupa mbili. Kisha akatafuta pikipiki.

Dereva aliitwa Michée, kijana mwenye koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. "Mbau, naenda," alisema. "Mais nakungojea dakika kumi. Kumi na moja, utanikuta Mulekera."

Katikati ya njia palikuwa na kizuizi, mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Askari aliyekikalia alikuwa wa mbali, alichanganya Kilingala na Kiswahili, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko.

"Maman, oyo nini? Mu bichupa?"

"Matope."

"Matope." Alitoa chupa moja ya Mulekera, akaitikisa karibu na sikio. Siku hizo kila mtu alizungumza coltan, madini mazito ya bei kubwa, na watu walikuwa wakiibeba hata ndani ya sufuria za chakula. Askari aliipima mkononi, juu chini, juu chini. "Coltan inakuwa muzito."

"Njo ujue haiko coltan."

"Sasa unabeba matope ya nini? Huko unaenda matope hakuna?"

Michée alikuwa akitazama mawinguni kama mtu asiyemjua abiria wake. Emérence alitafuta uongo akaukosa. "Iko batu badogo ndani," alisema. "Wako na nyumba. Naenda kuangalia kama batu ya Mbau bako sawasawa nao."

Askari alimtazama usoni, akatazama chupa, akairudisha mfukoni kwa vidole viwili, kwa uangalifu, akaufunga mfuko yeye mwenyewe. "Pita, maman," alisema. "Pita. Na ukirudi, usisimame hapa."

Walipofika mbali Michée alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Mama, ile laissez-passer yako ya kupita kizuizi ni nguvu. Niuzishie moja."

Kijito cha Mbau kilikuwa chini ya barabara, chini ya michikichi. Maji yalikuwa kidogo, meupe chini, na kwenye mchanga zilikuwamo punje nyeusi zinazometa. Emérence alipiga magoti akachota. Mwanamke aliyekuwa akiosha mihogo upande wa pili alimwangalia akiandika juu ya chupa.

"Unapima maji, mama?"

"Hapana. Natafuta mutu wangu alipita hapa. Mwezi wa saba, ule wakati wa risasi."

Mwanamke aliacha kuosha. "Alikuwa na baiskeli?"

"Na poro."

"Poro zilijaa mu maji. Tulikula wiki nzima, utusamehe." Akajipangusa mikono, akaonyesha michikichi. "Wale tulikuta tulizika kule, nyuma ya mingazi. Batu bane. Majina hatukuijua. Na bitu byao, bote, manguo, wengine walishakuwa wamevulisha mbele tufike."

Emérence alitaka kuuliza sura, kimo, jino lililokatika. Juu barabarani honi ililia mara mbili. Alimshukuru mwanamke yule kwa Kinande, "Wasingya," naye akaitikia kwa Kinande, kisha Emérence akapanda.

Jua liliwanyima siku tatu Butembo. Siku ya nne lilitoka. Madame hakutaka kukaa yeye. "Hii ni yako," alisema, akasimama nyuma kushika kioo kisiyumbe.

Emérence aliweka kwanza tone la Mulekera. Kulikuwa na Chungu, ndiyo, lakini wekundu. Tanuri la matofali lilikuwa likimwaga unga wake kijitoni kila siku, na amiba wa pale walijenga kwa kile walichokuta: nyumba za tofali, zote, mpaka mlangoni. Aliangalia matone matano asipate hata mmoja aliyetofautiana. Kisha akaweka tone la Mbau.

Huyu wa kwanza alikuwa hai. Vidole viwili vya ute vilitoka mlangoni polepole, kimoja kikanyooka, kikapapasa, kikashika chembe ya mchanga, kikaiacha. Ukuta wake ulikuwa mweupe kama sukari. Mlango wake ulikuwa mweusi. Emérence alimtazama mpaka jicho likatoa machozi kwa uchovu, akabadilisha jicho. Wa pili alikuwa sawa. Alihesabu ishirini na tatu, na kumi na tisa walikuwa na wanja. Akarudi kwenye matope ya juu ya bote, akahesabu tena. Hakupata tofali hata moja.

"Sema unachoona, tu kile unachoona," alisema Madame nyuma yake, kama darasani.

"Bote zilitembea Mbau mwisho. Baada ya Mbau hazikutembea tena Mulekera. Hazikutembea Kipese. Mutu alizibeba mu mukono mupaka soko, ata kama alipitia Kipese."

"Na Paulin?"

"Chungu haijue Paulin."

"Hapana, haimujue." Madame aliweka mkono begani mwake. "Bote zilifika. Mutu, microscope haimufikie. Hapo unajua weye, miye sijue."

Emérence alijua. Kulikuwa na vidonda vya baridi katika vidole vya Paulin tangu utoto. Hakuvua bote hata kuvuka mto, hata kwa wakwe mpaka ameketi. Yule asingetoka msituni miguu mitupu akatembea kilomita zote zile akaishi miezi saba bila kutuma neno kwa Jemima. Alikuwa ameyajua hayo tangu Julai, lakini kila mara alipoyasogelea mlango ulifunguliwa mahali pengine: labda juu, labda amefungwa, labda. Sasa alitafuta mlango mwingine akauona umezibwa.

Mzee Malachie alifika Ijumaa kusikia jibu, na kwa sababu Emérence hakuwepo nyumbani alielekezwa sekondari. Aliingia maabara akiwa ameshika kofia, akawaamkia wote wawili, akakataa kiti.

"Wiki mbili zimeisha, mama."

"Zimeisha, baba. Ukuje uone kwanza."

"Miye ni muzee. Macho yangu ni ya kuonea ng'ombe."

"Fumba moja," alisema Madame. "Ng'ombe mwenyewe atakuja."

Aliinama. Alihangaika, akaona kope, akalalamika kwamba ni msitu, Madame akageuza kirungu nusu ya unene wa unywele. Mzee alikaa vile, mgongo umepinda, mkono mmoja juu ya meza, muda ambao Emérence alianza kuhofia mgongo wake.

"Iko natembea," alisema mzee hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Iko natembea."

"Iko na mulango. Iko natafuta kitu." Akabadilisha jicho. "Nani anaituma huku?"

"Hakuna mutu, baba. Iko tu. Yote tunakanyaga juu yake."

"Na hii ingine, yenye haina mutu?"

"Ile alikufa. Nyumba njo inabakia."

"Siku ngapi?"

"Madame anasema, mu matope mazuri, miaka mingi. Kupita sisi wote."

Mzee aliinuka. Alijipangusa jicho kwa kofia akaivaa, akaivua tena. Aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja wa Kasai, mmoja wa Mulekera, na kile chuma kidogo kilichokuwa kikinywa jua kati yao.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza. "Sema kabisa, nikaambie batu nyumbani."

"Mbau, kwa kijito, chini ya barabara. Bako bane mu shimo moja, nyuma ya mingazi. Batu ya pale bazuri. Walibazika."

"Wane," alisema mzee. "Basi hakulala peke yake."

"Hapana, baba."

Nje kengele ya masista ililia na wanafunzi wakamwagika uani. Emérence alifunika mikroskopi kwa kitambaa chake, akaifunga pembe nne, kama anavyofanya mtu asiye na haraka.

"Mukate mugomba," alisema. "Kesho. Na mukate murefu. Alikuwa murefu."